Helikopta na Mtani Wake

Katika ua wa nyumba moja ya Mwembesongo, kati ya beseni la vyombo na kamba ya nguo, chombo cha anga kilikuwa kikisubiri ruhusa ya kuruka. Kilikuwa helikopta nyekundu, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye mapanga mawili marefu juu na panga dogo mkiani. Mbele yake, juu ya mkeka, alikuwa amepiga magoti rubani mkuu, Bwana Luqmani, amevaa fulana ya ndani na msuli, bisibisi nyuma ya sikio. Shughuli zote za uwanja zilisimamiwa na paka aliyelala juu ya kinu.

"Mapanga?" aliuliza Luqmani kwa sauti ya kiserikali.

"Hayana ufa," akajijibu.

"Bolti za mapanga?"

"Zimekaza."

Mkewe, Maimuna, alikuwa akikoroga unga wa vitumbua vya kesho. Alimtazama, akakoroga tena.

"Baba Sabra, mtu anayejiuliza na kujijibu mwenyewe, sisi kwetu tunampeleka kwa shehe akasomewe."

"Mama Sabra, hii ndiyo kazi yenyewe. Kuruka ni dakika chache tu. Urubani ni kukagua."

"Basi kagua na kuni. Nazo zimeruka."

Luqmani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua kwamba kuni za nyumba hiyo hanunui yeye. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya watu wanaoendesha magari Morogoro bila kugonga kuta walipita mikononi mwake. Kisha mwenye chuo akafunga chuo, akahama mji na funguo za magari yote. Tangu siku hiyo Luqmani alikuwa anashikilia cheo ambacho hakina mshahara wala mwisho: yupo tu. Mambo yalikuwa yamefika mahali ambapo hata msikitini watu walimwomba awaangalizie viatu, kwa kuwa ana nafasi.

Helikopta aliachiwa na mhadhiri mmoja, Godlisten, aliyehamishiwa Mwanza na ambaye mkewe alifundishwa gari na Luqmani kwa subira ya nabii. Kwa mwaka mzima ilikaa juu ya kabati kama pambo. Usiku Luqmani aliiota. Katika ndoto hizo hakuwa ameshika rimoti. Alikuwa ndani yake, mdogo kama punje, na chini yake Mwembesongo ilielea taratibu kama mji uliowekwa juu ya maji, mabati yote yakimeta, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwinulia uso kumuuliza siku hizi anafanya nini.

Sasa ndoto ilikuwa imepata tarehe. Madam Mercy, mwenye shule ya msingi ya binafsi kule upande wa Bigwa, alitaka mwalimu wa klabu ya ufundi. Alisikia habari za helikopta. Akasema, siku ya wazazi airushe mbele ya mgeni rasmi. Ikiruka vizuri, kazi ni yake. Ikishindwa, hakusema. Siku ya wazazi ilikuwa kesho.

Luqmani akaishika helikopta juu, kwenye kitovu cha mapanga, akaining'iniza hewani kwa vidole viwili. Pua ikainama. Akasogeza betri nyuma kidogo, akaining'iniza tena. Safari hii ikatulia, sawasawa kama mizani ya muuza dhahabu.

"Umeona? Ikiinama pua namna ile, ukiipaisha inakimbilia mbele yenyewe. Inamfuata mtu."

"Kama wewe na pilau," alisema Maimuna.

Lilibaki jaribio la umbali. Luqmani alichomoa kwanza waya za mota, ili mapanga yasije yakazunguka bila kuamriwa. Akawasha rimoti, ndipo akawasha helikopta, maana ukianza na helikopta unakuwa umefungulia kondoo kabla mchungaji hajaamka. Akakunja antena mpaka mwisho ili mawimbi yapungue nguvu, akatoka nje ya ua, akashuka na mtaa, akisukuma vijiti vya rimoti huku na huko. Kazi ya Maimuna ilikuwa kutazama kile kisahani kilicho chini ya mapanga, kama bado kinaitikia.

"Mama Sabra, kinacheza?"

"Kinacheza."

Akasogea hadi kwa muuza mkaa. "Na sasa?"

"Kinacheza, lakini unga unaniharibikia."

Kwenye saluni ya pembeni vijana walikuwa wamezima mashine za kunyolea ili wasikose neno. "Kaka Luqmani," aliuliza mmoja kwa heshima kubwa sana, "kwani shemeji kinamcheza nini?"

Luqmani aliwatazama kwa macho ya mtu aliye mita elfu kumi juu ya mawingu, akarudi nyumbani. Akachomoa betri, akarudishia waya za mota, akaifunga helikopta ndani ya boksi la televisheni, akakunja vifuniko vyake. Kanuni yake ilikuwa ile ile aliyowafundisha madereva: kagua nyumbani, kagua tena mwanzo wa safari, maana kati ya nyumbani na mwanzo wa safari ndipo shetani anapofanyia kazi zake.

* * *

Jua lilipoanza kuinama, shetani mwenyewe aliingia uani akiwa amebeba kabichi mbili.

"Hodi. Mtumwa wangu yumo, au ameshakufa nije kuchukua vyombo?"

"Karibu," alisema Luqmani. "Nilidhani leo lori limekumwaga njiani pamoja na taka nyingine."

Alikuwa Kasimiri, mkulima wa Mgeta, ambaye kila wiki alishuka na mboga zake na kulala hapo akisubiri lori la kwenda Dar. Alikuwa Mkatoliki na mwenzake Mwislamu, lakini hilo halikuwa jambo. Jambo lilikuwa kwamba ukoo wa mama yake Kasimiri na ukoo wa mama yake Luqmani ni watani, na utani huo ni mkubwa kuliko wao wote wawili. Mjomba wa Luqmani alipofariki, Kasimiri aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa kuwa marehemu amekufa bila kumuaga. Watu walilia na kucheka kwa wakati mmoja, na kuku akatolewa. Mtani huchukua kitu chako ukakikomboa. Mtani hukutukana mbele ya wakwe zako ukamkaribisha chai. Watani hawakasirikiani na hawaombani samahani. Kumwomba mtani wako samahani ni sawa na kumlipa mama yako nauli kwa kukubeba mgongoni.

"Shikamoo mama," Kasimiri alimsalimu Bi Mwajuma, mama yake Luqmani, aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua mchele.

"Marahaba. Umekuja kula tena?"

"Nimekuja kuangalia mali yangu. Wewe ukifa, huyu Luqmani ananirudia mimi."

Adhana ya magharibi iliita. Luqmani akaenda msikitini, kwa ibada na kwa viatu. Maimuna akaenda dukani. Kasimiri akabaki na boksi la televisheni, na boksi likabaki na Kasimiri, na wote wawili walikuwa kimya namna ambayo mtu mwenye akili angeitilia shaka.

Bi Mwajuma alimwona akifunua boksi. Alimwona akichukua bisibisi na spana ndogo. Hakusema kitu, kwa sababu mtani akifanya kazi yake hasemezwi.

"Mama, nimemteka," alinong'ona Kasimiri, akimwonyesha bolti moja kiganjani, ndogo kama jino la mtoto.

"Hiyo ya nini?"

"Inashika panga moja. Pale nimemwekea kijiti cha mshikaki, nimekivika karatasi ya ng'aring'ari ya sigara. Kesho akikagua uwanjani mbele ya watu, atakuta kijiti. Nataka niwepo nimwone macho."

"Utadai nini?"

"Jogoo."

Bi Mwajuma alifikiri, akipepeta mchele. "Dai na mchele," alisema, na mabega yake mazee yakatikisika kwa kicheko bila sauti. Nje, ukungu ulikuwa ukiteremka kutoka kilele cha Bondwa, ukaingia mtaani polepole, ukazilamba taa za maduka zikawa kama mayai yanayoelea gizani.

* * *

Asubuhi, mlinzi wa geti la shule hakupenda boksi.

"Hii ni droni. Ina kibali?"

"Si droni. Ni helikopta."

"Hapo ndipo umeharibu kabisa." Mlinzi akalizunguka boksi, akaligonga kwa rungu, akasikiliza. "Mafundi wanapita mlango wa nyuma, kule jikoni."

"Mimi si fundi. Mimi ni mwalimu."

"Walimu wamevaa tai," alisema mlinzi, bila ubaya wowote, kama anayesoma kibao.

Maimuna alikuwa amesimama pale pale, amejifunga kanga yake mpya kuliko zote, na Kasimiri nyuma yake amevaa koti la kipaimara cha mtu mwingine. Luqmani hakumtazama mkewe. Akachukua boksi lake akazunguka nyuma, akapita katikati ya masufuria ya pilau, na wapishi wakamuuliza kama ameleta soda.

Alipotokea uwanjani, mambo yalikuwa yameshaanza kwenda mbio. Madam Mercy, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alimjia akitembea kama kengele imeshagonga.

"Mwalimu Luqmani, mheshimiwa ana msiba Kilosa, anaondoka mapema. Wewe ndiye wa kwanza. Sasa hivi."

"Madam, nipe muda nikague."

"Jana hukukagua?"

"Nilikagua."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Basi kuna nini? Imekula kitu kibaya usiku?"

Luqmani aliutazama uwanja. Nyuma ya kamba, watoto walikuwa wamekaa chini kwenye majani, safu ya mbele kabisa wale wadogo wa chekechea, soksi nyeupe zimepangwa kama meno. Kamba ilikuwa karibu mno. Aliomba irudishwe nyuma. Mshereheshaji akatangaza, "Watoto, rudini nyuma," na watoto, kama watoto wote duniani, wakasogea mbele kuona wanarudishwa kwa sababu gani. Mpiga picha akasema pale pale panafaa, helikopta na mheshimiwa wanaingia kwenye picha moja. Chini ya hema Maimuna alikuwa ameketi na wazazi wenye magari, amenyoosha mgongo. Luqmani alimwona akimwambia mama aliyeketi jirani yake kitu fulani, huku anamnyooshea yeye kidole, kidole cha fahari.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, hakukagua.

Aliiweka helikopta kwenye majani, akawasha rimoti, akachomeka betri, akarudi nyuma hatua zake. Upande wa pili milima ilisimama buluu, karibu sana, na kila kitu kilikuwa tulivu mno, kama mahali ambapo umeshawahi kufika usingizini. Mbona rahisi hivi, aliwaza. Akasukuma kijiti kidogo tu. Mapanga yakaanza kuzunguka, polepole, fyu, fyu, fyu.

Chini ya hema, Kasimiri alikuwa ameacha kutabasamu.

"Shemeji, mbona hajakagua?"

"Alikagua jana," alisema Maimuna.

"Jana si leo. Shemeji, mimi nimetoa bolti."

Maimuna akamkonyeza yule mama jirani. "Huyu ni mtani wetu. Leo ukimsikiliza utakojoa."

"Shemeji, naapa kwa Bikira Maria."

"Juzi uliapa hivyo hivyo kwamba mama mkwe wangu ameolewa Kisaki."

Kasimiri akasimama. Akaruka kamba, koti linapepea, akaingia uwanjani akitikisa mikono. "Luqmani, mtumwa wangu, zima. Hicho kidude hakina bolti. Ninayo mimi."

Mlima mzima wa wazazi ukacheka. Mshereheshaji, aliyekuwa na roho ya kazi, akasema kwenye kipaza sauti, "Wapenzi wazazi, na huyu ni rubani msaidizi."

"Kaa chini, mzimu wa kabichi," Luqmani alimjibu, macho kwenye helikopta. Alikuwa anacheka. Aibu ya getini ilikuwa imemtoka. Mtani amekuja, basi mambo ni mazuri. Akaongeza mwendo kidogo. Fyufyufyu.

"Nimeweka kijiti cha mshikaki."

"Kipake ukwaju ule."

"Luqmani, watoto wako pale."

"Na wewe nenda kakae nao, akili zenu zinalingana."

Watu walikuwa wanafuta machozi. Hata mheshimiwa alikuwa anacheka, tumbo likigonga meza. Kasimiri aligeuka akawatazama wote, watu mia kadhaa wanaomcheka, na akaona kwamba ameishi maisha yake yote akijenga nyumba ambayo sasa haina mlango. Aliapa, wakacheka. Angelia, wangecheka zaidi. Mapanga yalianza kufifia machoni, yakawa duara la moshi.

Akaenda akasimama mbele ya Luqmani. Akavua kofia. Akakunja mikono kifuani kama mtoto mbele ya padri.

"Ndugu Luqmani," alisema taratibu. "Nimekukosea. Naomba unisamehe. Samahani."

Luqmani aliacha kucheka. Hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka kinywa hicho. Mama yake hakuwahi kulisikia kutoka kwa mjomba wake Kasimiri, wala bibi yake kutoka kwa bibi yake Kasimiri. Lilikuwa kama mtu amemwita kwa jina kutoka kaburini.

Kidole chake kikavuta kijiti chini. Mapanga yakapungua, yakahesabika, yakasimama. Hakusogea mpaka yaliposimama kabisa. Kisha akaenda, akachomoa betri, akapiga magoti. Hema lilikuwa bado linacheka, likisubiri kichekesho kinachofuata. Akakichomoa kijiti. Kilikuwa kimeshaanza kupinda, na karatasi ya sigara ilikuwa imechanika katikati. Kutoka pale hadi soksi nyeupe za mbele hapakuwa na kitu ila hewa.

Akasimama, akamgeukia Madam Mercy, akatikisa kichwa.

"Haitaruka," alisema.

* * *

Mshereheshaji alitangaza kwamba helikopta imepata mafua. Mheshimiwa, aliyekuwa ameandaliwa dakika za helikopta, alizijaza kwa hotuba kuhusu umuhimu wa kutunza muda, akaondoka kwenda msibani akiwa amechelewa. Luqmani alikaa nyuma ya jiko, kwenye kreti ya soda, helikopta mapajani. Wapishi hawakumuuliza kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya.

Madam Mercy alikuja akiwa amevua miwani.

"Nieleze nielewe. Mtu amekupigia kelele kwamba bolti hakuna, ukaendelea. Ameapa, ukaendelea. Sasa nini kilikusimamisha?"

"Ameniomba samahani, Madam."

"Watu wanaombana samahani kila siku."

"Si mtani."

Madam Mercy, ambaye kwao ni Moshi, alitafakari. "Kwa hiyo mgeni rasmi wangu amekosa helikopta kwa sababu mtu mmoja amekuwa na adabu."

"Amekosa helikopta kwa sababu mimi sikukagua," alisema Luqmani. "Yeye alinitegea akijua nitakagua. Kila mtu anajua huwa nakagua."

Kasimiri alikuwa amesimama pembeni na Maimuna. Akanyoosha kiganja, bolti ikiwa katikati. Luqmani akaichukua, akaifunga mahali pake, akajaribu panga, akarudia lile la pili. Madam Mercy alimtazama mikono.

"Sasa imepona?"

"Imepona."

"Wazazi wengine bado wanakula. Irushe. Niokoe aibu, na mimi nitasahau ya asubuhi."

Maimuna alipumua kwa nguvu. Ni yeye peke yake aliyesikia kwamba katika sentensi hiyo mlikuwa na kazi, kuni, na ada ya Sabra, binti yao aliyeko bweni. Luqmani akainua uso. Miti ya miashoki kando ya ukuta ilikuwa inainama na kuinuka, na kamba ya bendera ilikuwa inapiga mlingoti, tang, tang. Upepo wa mchana ulikuwa umeshashuka mlimani.

"Hairuki, Madam. Upepo."

"Mwalimu, unajua hii ni mara ya pili?"

"Najua."

"Na unajua nina mtu mwingine mwenye droni, na droni yake haiogopi upepo?"

"Yenyewe haiogopi," alisema Luqmani. "Wanaokaa chini yake ndio wanaotakiwa waogope."

Madam Mercy akavaa miwani, akamtazama muda mrefu kupitia hiyo miwani, kisha juu yake. "Upepo huu unalala saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla jua halijapanda."

"Njoo kesho. Siahidi kitu." Akageuka, akaongeza bila kuangalia nyuma, "Na upite geti la mbele."

* * *

Jioni, Bi Mwajuma alitoka ndani akakuta jambo la kutisha. Kasimiri alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mkeka, magoti pamoja, akinywa chai bila kuomba sukari.

"Ndugu Luqmani," alikuwa anasema, "kama haitakuwa usumbufu, ningeomba unipishe kidogo niweke kikombe."

"Bila shaka, ndugu Kasimiri. Karibu."

"Ahsante sana."

Bi Mwajuma akashika mhimili wa kibaraza. "Nani amekufa?"

Maimuna akamweleza. Bibi alisikiliza hadithi yote, tangu getini hadi kwenye kijiti, na ilipofika kwenye neno lile akafumba macho kama aliyechomwa mwiba. Alikumbuka alivyocheka juu ya mchele.

"Na mimi nilimwona," alisema. "Kwa hiyo tumekosea wote, mpaka paka. Lakini Kasimiri, wewe umemwomba mtani wako samahani. Unataka ukoo wetu uende wapi?"

"Mama, sikuwa na neno lingine."

"Najua. Sasa limeshafanya kazi, lirudishe." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe umechukua bolti yako bila kuikomboa. Bure. Kama mgeni."

Luqmani alimtazama Kasimiri, Kasimiri akatazama chai yake. Yale yote ya mchana yalikuwa yamekaa kati yao juu ya mkeka, na kila mmoja alikuwa anaogopa kuyagusa.

"Jogoo sina," alisema Luqmani hatimaye. "Na ningekuwa naye nisingempa mtu aliyeingia uwanjani na koti la maiti."

Kasimiri hakuinua kichwa mara moja. Mabega yake yalianza kwanza. Kisha akafuta uso kwa kiganja, machozi au kicheko, haikujulikana, akasukuma kikombe.

"Chai yenyewe ina ladha ya soksi," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nitachukua mchele. Na huyu mama."

"Mchele chukua," alisema Bi Mwajuma.

* * *

Walifika shuleni wakati mji bado haujajitenga na ukungu. Hapakuwa na hema wala mshereheshaji. Uwanja ulikuwa mweupe kwa umande, na milima haikuonekana kabisa. Ilisikika tu, kwa ndege wake na kwa maji yanayoteremka mahali fulani. Watoto wachache wa bweni walikuwa wamekaa mbali, kwenye ngazi za darasa, mahali alipowaonyesha Luqmani mwenyewe, wamejifunga mashuka. Madam Mercy alikuwa na kikombe cha kahawa na kanga juu ya gauni.

Luqmani alipiga magoti kwenye umande akaanza. Panga moja moja, bolti moja moja. Mkia. Betri. Akaining'iniza kwa vidole viwili, ikatulia. Akachomoa waya za mota, akatembea na rimoti hadi ukungu ukamficha miguu, akarudi, akarudishia waya. Kasimiri alimwambia kwamba maiti hukoshwa haraka kuliko hivyo. Zaidi ya hapo hakuna aliyemharakisha. Madam Mercy alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha, na hakutazama saa.

Kisha Luqmani akarudi nyuma, akasukuma kijiti.

Majani chini ya helikopta yalilala, umande ukaruka pembeni kama unga mwembamba. Miguu yake ikawa myepesi, ikaacha ardhi kwa kiasi cha vidole viwili, kiganja, goti. Ikasimama hapo. Haikwenda mbele wala nyuma. Ilining'inia tu katikati ya weupe ule, nyekundu, ikivuma kwa sauti ya nyuki wengi waliokubaliana. Ukungu ukaanza kuzunguka nayo, ukafunguka juu yake duara, na ndani ya duara hilo kulikuwa na kipande cha mlima, kijani na kimya, ambacho hakikuwepo dakika iliyopita. Watoto kwenye ngazi hawakupiga kelele. Mmoja alikuwa amesahau kufumba kinywa.

Madam Mercy alizungumza chini chini, kama watu wanavyozungumza karibu na mtoto aliyelala. "Angeanza kwa kujitolea. Muhula mmoja."

"Kujitolea kunapikwa kwa kuni gani, Madam?" aliuliza Maimuna, naye chini chini.

Helikopta ilipanda tena kidogo, ikatulia usawa wa macho yao.

"Nusu mshahara, basi. Mpaka mwaka uishe."

"Na hiyo nusu inaanza lini?"

Madam Mercy hakuondoa macho hewani.

"Imeshaanza," alisema.